Siku Uliyokimbilia Upande wa Tabora

Maganga, mtani wangu,

Kwa heshima zote, na nikiwa nimevaa kofia yangu ya kazi ili tangazo hili lipate uzito, nakuarifu rasmi kwamba jogoo wako mwekundu, yule mwenye kilemba kilicholala upande mmoja, amehamishiwa kwangu. Uhamisho umefuata sheria zote za utani. Nilimkamata siku ya mazishi yako mbele ya watu wote, wakati ndugu zako wanalia, na hakuna aliyethubutu kunizuia, kwa sababu Mzaramo akija kwenye msiba wa Mnyamwezi anachukua anachotaka. Jogoo mwenyewe hajaukubali uhamisho. Anawika adhuhuri, kisha ananitazama kama mkaguzi aliyekuta daftari la mahudhurio halijajazwa. Nimemwita mkutanoni mara kadhaa, hafiki.

Hiyo ndiyo habari kubwa ya serikali. Sasa nikupe ndogo ndogo.

Nilikutania vizuri, usiwe na wasiwasi. Jeneza lilipofika kaburini nilitangulia kuingia mimi, nikalala chali, nikasema sitoki humu mpaka Wanyamwezi wakiri kwamba babu zao walipofika kwetu pwani walikuwa hawajui kula samaki. Walikiri. Hata kaka yako mkubwa alikiri, na machozi yake mashavuni, huku anacheka. Walinivuta kwa mikono, na unajua uzito wangu, mmoja wao nusura aingie nilimokuwa. Kisha nikaigiza unavyofuta ubao kwa kiwiko chaki ikiisha, na unavyokohoa kabla ya kusema "sasa sikilizeni hapa." Watu wakacheka tena. Mimi nilipofika kwenye kile kikohozi, sauti ikakatika. Nikajifanya nimekabwa na vumbi.

Arobaini imepita. Binti yako Njile alipewa ruhusa shuleni akaja. Amekuwa mrefu, ana mabega yako, na ana ule ubishi wa mama yake. Yuko kidato cha pili sasa. Na ndiye aliyefanya nikae kuandika, maana ameniuliza swali ambalo mimi na wewe tulilikwepa tangu siku aliyozaliwa. Nimemjibu, Maganga. Nimemwambia. Nataka uyasikie kutoka kwangu mwenyewe, si kwa jogoo.

Ngoja nianzie darasani.

Unakumbuka lile darasa la watu wazima? Kijiji cha ujamaa kilikuwa bado kina harufu ya miti mibichi, nyumba zimepangwa mistari kama askari, na kila alasiri wewe unatukusanya chini ya bati lile lisilo na kuta: akina mama wa shamba la tumbaku, genge lote la reli na mnyapara wao Mzee Kapaya, na mimi karani wa stesheni, nimekaa nyuma kwa sababu dawati la mbele lilishanivunjikia. Watu walikuja kujifunza kusoma na kuandika. Wewe ukaona haitoshi. Siku moja ukaandika ubaoni maneno mawili, spidi na velositi, ukakohoa.

"Sasa sikilizeni hapa. Spidi inakwambia mtu anakwenda upesi kiasi gani. Basi. Imemaliza. Velositi inakwambia upesi kiasi gani, na anaelekea wapi. Ukiniambia basi linakwenda kilometa hamsini kwa saa, hujaniambia kama nikae nilingoje au niachane nalo."

Mzee Kapaya akauliza, "Mwalimu, si kitu kilekile?"

Ukachora mstari. Tabora huku, Bagamoyo kule. Ukasema babu zetu wapagazi walitoka hapa na pembe mabegani, wakatembea miezi mpaka pwani, wakarudi. Ukitaka spidi yao, chukua njia yote waliyokanyaga, kwenda na kurudi, gawa kwa muda. Utapata namba, na ni namba ya wanaume. Lakini ukitaka velositi ya safari nzima, uliza wameishia mbali kiasi gani na pale walipoanzia, na upande gani. Wamerudi mlangoni mwao. Jibu ni sifuri.

Mimi nikaona hapo ndipo pa mtani. Nikasimama nikasema, "Kwa hiyo Mwalimu unakiri mbele ya kijiji kwamba Wanyamwezi walitembea mpaka kwetu na kurudi, na hesabu yao ni sifuri?"

Darasa zima likaangua kicheko. Ukangoja kikatulia, ukasema taratibu, "Mzaramo, ni kweli. Na wewe ambaye hujawahi kwenda popote, velositi yako nayo ni sifuri, ila mwenzako ana miguu."

Nilikaa chini. Lakini somo liliniingia. Yale ya kusoma niliyajua, hayo ya mstari wenye ncha ya mshale nilikuwa sijawahi kuyasikia, na nikaanza kuyaona kila mahali: ng'ombe wakirudi malishoni, moshi wa treni, mama mmoja na mwingine wakipishana njia ya kisimani kwa mwendo uleule.

Kisha ikaja ile siku.

Wewe unaijua upande wako. Mimi nitaisema upande wangu, polepole.

Ilikuwa kiangazi, asubuhi imeshapanda jua. Miezi yote mlipanga mkeo Nyamizi akajifungulie Tabora. Kitanda cha hospitali kilishasemewa, shangazi yake angempokea, na wewe ulishazoea kusema "tukifika Tabora" kama mtu anayesema "tukifika kesho." Uchungu ukaja mapema. Treni ya kwenda Tabora ilikuwa ya jioni. Mzee Kapaya akasema genge linakwenda upande wa Urambo na kiberenge, kuna zahanati njiani, ni karibu kuliko kungoja. Mkakubaliana palepale kwenye jukwaa. Wakatandika godoro juu ya mbao za kiberenge, Nyamizi akalala, mama yake akakaa kando ameshika mkono wake, vijana wa genge wakaanza kusukuma. Nilitoa idhini ya njia kwa mkono wangu: njia ni yao, hakuna treni. Wakaenda. Wewe ulibaki kujaza upepo baiskeli ili uwafuate.

Hawakuwa wamepotea machoni muda mrefu simu ilipolia. Ile ya kuzungusha mkono. Alikuwa karani wa machimbo ya kokoto, kule mbele, upande wa Urambo. Alikuwa anapiga kelele.

"Mabehewa! Mabehewa mawili ya kokoto yameachia, yameingia njia kuu! Yanakwenda spidi ya baiskeli, tena inayokanyagwa!"

Nikasema, "Yanakwenda wapi? Yanakuja huku au yanakwenda Urambo?"

Kimya. Alikwishaachia mkonga akatoka mbio. Nilisikia mkonga ukigongagonga ukuta kule, na watu kwa mbali wanaita. Nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. "Upande gani? Wewe! Upande gani?"

Amenipa spidi, Maganga. Hakunipa upande.

Nilisimama na ule mkonga sikioni nikaona ubao wako mbele ya macho. Kama yanaelekea Urambo, Nyamizi yuko nyuma yake, salama, hayatamgusa. Kama yanakuja kwetu, yanakutana naye uso kwa uso, kokoto tani kwa tani, na yeye amelala chali kwenye godoro hawezi kuruka. Spidi ileile. Mabehewa yaleyale. Uhai wote umekaa kwenye ile ncha ya mshale ambayo karani hakuitaja.

Ulikuwa dirishani. Ulisikia kila kitu.

Sasa hapa ndipo kijiji kina maneno yake na sisi tuna yetu. Kijiji kinasema hivi: Mwalimu Maganga akachukua chaki, akaandika ukutani mwa stesheni, akapiga hesabu mahali mabehewa na kiberenge vitakapokutana, akapanda baiskeli akakata kwa njia ya zamani ya wapagazi, akawawahi, akapunga bendera, wakashuka. Mwenyekiti alilisema mkutanoni. Yule bwana wa wilaya alipokuja akalirudia kwenye hotuba, akasema hii ndiyo faida ya elimu ya watu wazima, na darasa likajaa mpaka watu wakakaa juani. Na wewe ulisimama pale, umeshika kofia, unatazama viatu vyako. Watu wakasema, tazama unyenyekevu wa Mwalimu.

Nilikuwa karibu nawe. Haukuwa unyenyekevu.

Nina ruhusa ya mtani. Ningeweza kulisema popote, harusini, sokoni, hata mbele ya bwana wa wilaya, na desturi ingenilinda. Nilikutania kwa kila kitu: mwandiko wako, suruali yako, namna unavyokula ugali kwa vidole viwili kama unayeogopa kuuamsha. Hilo moja sikuligusa. Nilidhani nakusitiri. Na wewe, nilivyoona, somo lile hukulifundisha tena. Likifika, unamwachia chaki mwalimu msaidizi, unatoka nje kana kwamba kuna mtu anakuita.

Ulipokuwa unaumwa, zile siku za mwisho, nilikuja na uji na porojo. Ulinisikiliza, ukacheka kidogo. Halafu ukasema, bila mimi kuuliza, "Mzaramo, siku ile nilikimbia kweli kweli." Nikasema ndiyo. Ukasema, "Nilikimbia vizuri sana." Ukageukia ukutani. Mimi, ambaye nimefukuzwa katika vikao vitatu kwa kusema sana, nikachukua kikombe cha uji nikaenda kukiosha.

Basi Njile amekuja. Mwenyekiti ameniomba niseme kisa hicho watakapofungua chumba kipya cha sayansi pale shuleni. Wanataka watoto wakisikie. Njile akanikuta nyumbani kwenu, Nyamizi anapepeta mahindi, akakaa mbele yangu. "Shikamoo, baba mdogo." Marahaba. Hakuzunguka. Akasema, "Nimeisoma hiyo hesabu shuleni. Ili Baba ajue watakapokutana, lazima angejua mabehewa yanaelekea wapi. Na wewe umesema siku zote kwamba karani hakutaja. Sasa Baba alijuaje?"

Nyamizi akaacha kupepeta.

Unaona ulichotuzalia? Miaka yote hiyo, kijiji kizima, mwenyekiti, bwana wa wilaya na hotuba yake, hakuna aliyeuliza. Mtoto wa kidato cha pili ndiye ameuliza.

Nikiongopa, nimemfundisha binti yako kwamba hesabu ni kitu cha kusifia watu, wala si cha kuuliza. Nikisema kweli, huenda nikamnyang'anya baba ambaye ndio kwanza amemzika. Nilitazama mlangoni, nikatamani uingie unisaidie. Hukuingia. Nikasema.

Nilisema hivi. Njile, baba yako hakupiga hesabu yoyote. Baba yako alinyakua bendera nyekundu mezani kwangu akatoka mbio. Aliacha baiskeli yake imeegemea ukuta. Alinipita mlangoni, akalipita tangi la maji, anakimbia ambavyo sijawahi kuona mwalimu anakimbia, shati limejaa upepo, anapiga kelele, "Simameni! Simameni!" Na alikuwa anakimbilia Tabora. Kiberenge kimekwenda magharibi, yeye anakwenda mashariki. Miguu yake ilifuata mpango wa zamani, wa kitanda na shangazi. Nilimfuata nikimwita, nimeishiwa pumzi hata kabla ya tangi, "Maganga! Unakwenda wapi?" Alifika mbali, kwenye nguzo ya ishara. Hapo akasimama. Akaitazama reli tupu mbele yake. Kisha akageuka akanitazama mimi. Ule uso sitausimulia.

Tulirudi. Nikamwachia mwenzangu wa zamu simu, nikachukua baiskeli ya stesheni, yeye yake. Reli inazunguka mbuga, njia ya wapagazi inakata katikati, tukaishika hiyo. Nilisikia mnyororo wake tu, na miba inanichana miguu. Tulipotokea tena relini, pale bondeni, tuliyakuta mabehewa. Yamesimama yenyewe, mteremko umekwisha. Yalikuwa yamekuja upande wetu. Maana yake yalikwishapita alipo mama yako.

Hakuna ndege aliyelia. Chuma kilikuwa kinalia ti, ti, kinapoa. Baba yako akaangusha baiskeli, akaenda mbele ya behewa la kwanza, akapiga magoti, akaanza kupapasa vile vyuma vya mbele kwa kiganja. Vyote. Juu, chini, kati ya magurudumu. Alikuwa anatafuta uzi wa kanga ya mama yako. Nilijua anatafuta nini na sikuweza kumsogelea. Akatoa mkono, akautazama. Majani makavu na grisi. Akaupanguza kwenye shati, akapapasa tena.

Ndipo mtoto akalia, mbele kule, kwenye kalavati.

Tuliwakuta nyasini. Kiberenge kimeinamishwa kando, mbali na reli. Vijana wa genge wamegeuka, wamempa mama yako mgongo, na bibi yako amezungushia kanga. Mama yako akatutazama, kachoka, kaloa jasho, akasema, "Mwalimu, na hiyo bendera ya nini?" Mzee Kapaya ndiye aliyedakia: "Mwalimu alishajua! Alikuja kutuonya!" Basi. Kisa kikazaliwa palepale, pamoja na wewe.

Njile alikuwa hapepesi macho. Nikamgeukia Nyamizi. Nikamwuliza jambo ambalo, kwa aibu, sikuwahi kumwuliza: kwa nini mlikuwa mmeshuka? Mlisikia reli ikitetemeka? Mlionywa na nani?

Akasema, "Nani asikie reli, mimi napiga kelele vile? Mtoto alikuwa anakuja. Nikawaambia simamisheni, nashuka, siwezi tena. Wakanishusha. Halafu wakakiinua kiberenge wakakitoa njiani, maana genge haliachi kiberenge kimesimama relini hata kama wanakunywa maji. Ndiyo kazi yao ilivyo. Tumekaa kidogo, mabehewa hayo, yanapita. Upepo wake ulinipeperushia kanga."

Basi Njile akachukua kijiti akachora mstari uani. Machimbo hapa. Kalavati hapa. Stesheni huku. Mchoro wako kabisa, hata ile ncha ya mshale aliikandamiza kama wewe. Akaniuliza maswali ya kikarani, machimbo ni umbali gani, njia ya wapagazi inapunguza kiasi gani, nikamjibu nijuavyo. Akapiga hesabu kichwani. Midomo inatembea.

"Baba mdogo," akasema, "mabehewa yalikuwa na mwendo wa baiskeli. Baba naye angekuwa na mwendo wa baiskeli. Kutoka machimboni mpaka kwenye kalavati ni karibu. Kutoka stesheni mpaka kwenye kalavati ni mbali, hata kwa mkato. Na mabehewa yalianza kwanza. Basi Baba asingewahi. Hata angetoka upande sawa, hata angerukia baiskeli kabla simu haijakatika, yangefika kabla yake."

Nikamwambia rudia. Akarudia. Nikamwambia tena. Sikuwa mbumbumbu wa hesabu, nilielewa mara ya kwanza. Nilitaka kuisikia.

Nyamizi aliweka ungo chini. Akasema, "Kumbe huo ndio mzigo aliokuwa anaubeba." Akafunika uso kwa kanga. Njile hakukufuta moyoni, Maganga. Alikaa anautazama ule mstari, kisha akasema, "Alipapasa mara mbili?" Nikasema mara mbili. Akaitikia kwa kichwa. Nadhani kuanzia hapo baba yake yuko karibu naye kuliko alivyokuwa asubuhi.

Nakuahidi hivi. Siku ya kufungua chumba nitakisema kisa chote kama kilivyokuwa, na mwenyekiti akinikatiza nitadai haki yangu ya utani. Nyamizi na Njile hawatakosa kuni wala mtu wa kugombana naye. Na lile nililokuwa silitanii, sasa nitalitania, maana halina tena uzito wa kumwangusha mtu.

Na kilichotokea kweli, nakiandika hapa mara moja, ili kikae. Simu ilikatika bila upande. Ulikimbia upande usio ndio. Genge lilitoa kiberenge relini kwa sababu ndivyo genge linavyofanya. Mabehewa yakapita penye nyasi tupu, mtoto akazaliwa. Hukumwokoa mtu siku ile, mtani wangu. Wala hukumponza mtu, hata kwa hatua moja ya zile ulizokimbia. Laiti ungelijua hilo ukiwa hai. Hatukuwa na mtu wa kutuchorea mstari, yule wa kuuchora alikuwa ndio kwanza analia kule nyasini.

Lala salama, Mnyamwezi. Na siku tutakapoamshwa wote, kabla hujatoka mbio, uliza kwanza upande.

Mtani wako,
Mzaramo wa stesheni